Mbingu na Jeneza Katika Filamu Moja

Mume wangu, Apolinari Lyamba, hakuwa mchawi, wala hakumtenganisha mtu na kichwa chake kwa makusudi, hata kwenye picha. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wapo vijana hapa Mpanda, waliozaliwa baada ya yeye kufa, wanaotuita ukoo wa Mkata Vichwa bila kujua jina hilo limetoka wapi. Mimi nilikuwepo, na nimesomeshwa vya kutosha kuandika nilichokiona.

Apolinari alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, upande wa stesheni. Baba yake alifanya kazi kwenye mgodi wa madini ya risasi enzi za Wazungu, na mgodi ulipofungwa alirudi nyumbani na darubini ya kupimia ardhi iliyovunjika miguu. Apolinari aliitoa lenzi ya darubini hiyo, akaifunga kwenye kamera yake kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia. Kamera akaiweka juu ya mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, na kati yake akapitisha skrubu ndefu aliyoizungusha taratibu kwa vidole, ili kamera izifuate nyota zinavyosogea. Kilikuwa kitu kibaya kukitazama. Wageni walipokuja nilikifunika kitambaa.

Alichokuwa akikitafuta ni wingu. Upande wa kusini, karibu na zile nyota nne zinazofanya msalaba, kuna doa la mwanga ambalo vitabu huliita nebula, gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa. Kwa macho linaonekana kama pumzi kwenye kioo. Lakini filamu ya rangi ikiachwa wazi muda mrefu huuona wekundu ambao jicho haliuoni. Aliyasoma hayo katika jarida nililomletea kutoka maktaba ya shule niliyofundisha, na tangu hapo kila kiangazi alijaribu, uani kwetu, baada ya chakula cha jioni. Majirani walimwona ameinama gizani na kamera, na hakuna mtu mbele yake wa kupigwa picha. Waliyaweka moyoni.

Juni 1995 alifungua filamu mpya, akalipiga picha wingu lile mara kadhaa. Asubuhi yake alikuja Révérien, mkulima wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, kwa baiskeli, macho mekundu. Baba yake, mzee Méthode, alikuwa amefariki. Aliomba picha ya mzee ndani ya jeneza. Kaka yake mkubwa, Salvator, aliishi makazi ya Ulyankulu, na siku hizo mkimbizi kutoka Burundi hakusafiri mbali na makazi yake bila kibali. Kibali kisingepatikana kabla ya mazishi. Picha hiyo ndiyo ingekuwa kuagana kwake na baba.

Apolinari alirudisha lenzi ya kawaida, akaenda na filamu ileile. Hakuna mpiga picha wa Mpanda ambaye angetupa filamu iliyokwisha kuanzwa.

Filamu za rangi zilikwenda kusafishwa Tabora kwa treni. Huko mkataji wa filamu hutazama mpaka kati ya picha moja na nyingine, ndipo akate. Picha za mbingu ya usiku hazina mpaka unaoonekana. Mkataji alikisia, akakosea, na kosa likaendelea hadi mwisho wa filamu. Bahasha iliporudi, kila picha ya msiba ilikuwa imekatwa katikati. Kwa mzee Méthode, aliyelala kwa urefu wa jeneza, mkasi ulipita shingoni.

Apolinari alijifungia chumba cha giza. Aliviunganisha vipande viwili vya negativu, ile filamu iliyokatwa, akasafisha picha mwenyewe, nyeusi na nyeupe. Mstari ulibaki shingoni. Basi akafanya wanachofanya mafundi wote wa studio wakiona kovu au chunusi: akachukua brashi akauficha. Alimchorea mzee kitambaa cheupe shingoni, vizuri sana, hata mikunjo yake. Révérien alishukuru. Alidhani wanawake waliomvika marehemu ndio waliokifunga, akampa msafiri picha aipeleke Ulyankulu.

Mwezi Agosti Salvator alipata kibali, akaja. Hakuja kulia. Alitaka kujua kitambaa kile kilikuwa kinaficha nini. Wanawake waliomvika mzee walisema hawakukifunga wao. Salvator akayatoa maneno kinywani: wadogo zake, Révérien na Fabrice, walimnyonga baba wakaficha alama, wapate shamba. Alitaka kaburi lifukuliwe.

Révérien alirudi studio. Hakukaa.

"Fundi, niambie mbele ya Mungu. Baba alikuwa na kitambaa shingoni?"

Apolinari angeweza kujibu ndiyo, akabaki na jina lake jema. Alimwambia atakuja Katumba mwenyewe kesho yake. Wanaosema aliletwa na mgambo wanasema uongo. Alikwenda kwa miguu yake, na mimi nikiwa pembeni yake, nimevaa vizuri.

Salvator alinikaribisha mimi kwa heshima, akaniita mwalimu. Hakumsalimu mume wangu. Apolinari alipiga magoti, akaweka vipande viwili vya negativu na picha zake juu ya mkeka, akaeleza yote: wingu, filamu, mkasi. Mama yao, Odeta, alivisogeza vile vipande kwa kidole mpaka kichwa kikakutana na kiwiliwili, akavishikilia hapo.

"Na hizo nyota zilikuwa na safari?" Fabrice aliuliza. "Zisingekungoja wewe?"

Wengine walicheka, kicheko cha nyumba yenye msiba.

"Zingeningoja," Apolinari alisema, akamgeukia Salvator. "Ni kosa langu. Lakini shingo ya mzee ilikuwa safi, niliiona. Ndugu zako hawana hatia. Kile kitambaa nilikichora mimi."

Salvator alimtazama.

"Kwa hiyo ulimkata, halafu ukamfunga."

"Ndiyo."

Salvator alinyanyuka, akampa Révérien mkono, kisha Fabrice. Kaburi halikufukuliwa. Sisi hatukupewa hata maji, tukaondoka.

Jina la Mkata Vichwa lilitangulia kufika mjini. Harusi hazikuja tena, wala misiba, hata kutoka vijiji vya Mwamkulu na Magamba ambako alizoeleka kama ndugu. Zilibaki picha za pasipoti, za wageni wasiojua habari. Zile mbao mbili za kamera alizing'oa bawaba akatengenezea mlango wa banda la kuku. Kwenye filamu ile, picha moja ya mbingu ilitoka nzima, na wingu ni jekundu kweli, kama kaa linalozimika. Hakuitundika, na mimi sikuitundika. Ninayo sandukuni.

Alikufa mwaka 1998, kwa figo. Révérien alikuja mazikoni, akasimama nyuma ya wanaume hadi mwisho. Mpiga picha kijana tuliyemwita aliniuliza kama apige jeneza likiwa wazi. Shemeji zangu walinong'ona kwamba haifai, watu watasema.

Nilimwambia apige, ila afungue filamu mpya kwanza.