Uso Wangu Siku ya Singo

Dada yangu ndiye aliyenipeleka Mwanza kuambuliwa uso. Naanza na hilo kwa sababu yeye husimulia vingine, na anasimulia vizuri, watu wanamwamini.

Nilikuwa na makovu ya chunusi tangu shule, mashavu yote mawili, na harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Mama hakutaka kusikia habari za dawa za uso. Kwake kutibu ngozi na kujichubua ni kitu kimoja, na aliapa hakuzaa mtoto katika mtaa wetu huu wa Mtendeni aje ajichubue mbele ya macho yake. Basi dada akamwambia tunakwenda kutafuta vitambaa. Vitambaa tulinunua kweli, kwa nusu saa, kisha tukaingia kwa mtaalamu wa ngozi ambaye dada alikuwa ameshamtafuta kwenye simu.

Walinipaka dawa inayoambua ngozi ya juu. Nililala macho nimefumba, uso unawaka, kwa hiyo masharti muuguzi alimpa dada. Maji ya uvuguvugu, sabuni hapana. Kitambaa laini, kugusisha tu. Mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Ngozi ikibanduka iachwe ibanduke yenyewe. Jua marufuku, na kwa mwezi mzima uso usisuguliwe wala usipakwe manukato.

"Anaolewa huyu," dada alisema. "Kwetu kuna singo."

"Msingeni mwili mzima," muuguzi akajibu. "Uso muuache."

"Hilo niachie mimi."

Nikamwachia.

Na alinitunza, siwezi kumnyima haki yake. Siku ya nne uso ulianza kumenyeka kama kiazi kilichochemshwa, nikawa nawashwa hadi natamani kujikwaruza kwa kucha, yeye akanipiga kofi mkononi kila nilipojaribu. Aliweka kengele kwenye simu ili nisisahau mafuta. Alinikataza kusogelea jiko la mkaa, akapika yeye. Mama tukamwambia ni jua na vumbi la safari. Chini ya magamba ngozi mpya ilikuwa inatoka laini, na makovu yalikuwa yamefifia. Nilijitazama kwenye kioo nikacheka peke yangu kama mwehu.

Wiki moja kabla ya harusi nikawekwa ndani. Kwetu mwari hasemi. Somo, yule bibi anayemfunda na kumsinga mwari, akishaingia chumbani, unainamisha macho na kufunga mdomo, na ukiwa na haja yoyote yuko ndugu mmoja anayekusemea. Ukifungua mdomo umemwaibisha somo, umemwaibisha mama yako, na maneno yatafika stesheni kabla ya treni. Wa kunisemea alikuwa dada. Nani mwingine?

Somo alikuja na bakuli lake la singo: liwa, karafuu, manjano, maua yaliyosagwa na kulowekwa kwa marashi. Alianza na miguu. Alipofika shingoni alininyanyua kidevu, akanitazama.

"Mbona uso mwekundu? Amejipaka nini?"

Mama alikuwa mlangoni ameshika chetezo cha udi. Nilimminya dada mkono. Akaniminya pia, kwa hiyo alinielewa. Alimtazama mama, akamtazama somo.

"Joto tu, bibi. Msinge."

Alinisinga. Karafuu iliingia kwenye ngozi ile changa, na mikono ya somo si ya mchezo, imesinga wanawake wa mji huu miaka yote. Najua utauliza kwa nini sikupiga kelele. Nami nimejiuliza mara nyingi, nikajikasirikia. Nilikuwa nangoja dada aseme. Mpaka bakuli linakauka nilikuwa bado nangoja.

Kesho yake mashavu yalikuwa yanatoka maji. Kufikia siku ya harusi yalikuwa na mabaka meusi kuliko makovu yenyewe. Dada alilia kuniona. "Mama alikuwa pale mlangoni," aliniambia, "ningesemaje?" Hofu ya mama naijua, tumelelewa nayo wote wawili. Nikaanza kumsamehe.

Siku ya harusi wakwe zangu walifika kutoka Urambo. Mama mkwe, ambaye tulikuwa tumeonana mara moja tu, aliingia chumbani kunifunua mtandio. Alinitazama mashavu, kisha akamgeukia dada, maana mimi nilikuwa bado mwari.

"Mwanangu amefanywa nini?"

"Alijipaka dawa za kichochoroni kwa siri, mama," dada alisema, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Tulimkataza, hakusikia."

Kumbe ulimi alikuwa nao. Siku ya singo lilitakiwa neno moja tu, akalikosa.

Nikafungua mdomo. "Shikamoo mama. Dada ndiye aliyenipeleka, na masharti alipewa yeye. Na ni yeye aliyemwambia somo anisinge."

Mama yangu alitazama sakafu kwa aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya mimi kusema. Machozi yakaanza kunitoka.

"Marahaba," mama mkwe akaitikia. "Usilie, mwanangu. Machozi yana chumvi, na hapo pabichi."

Akanisogeza karibu na dirisha, akachukua ncha ya kanga yake, akanigusisha mashavuni polepole bila kusugua. Hakuna aliyemfundisha. Dada yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na hakusogea.