Jina Nililolipiga Mstari kwenye Simu

Mimi ni mtu wa kanisa na sina muda wa kutunga hadithi. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, na sikuwa nimelala.

Kazi ya kuweka majina ya ukoo ni yangu. Kwetu Mbumbuni mtoto hupewa jina siku ya tatu, na jina hutoka kwa waliotangulia, kwa zamu, bila kuruka mtu. Kichwa kilipoanza kuchoka, Mwende, mke wa mwanangu, akaniwekea kitabu ndani ya simu. Ukurasa akaupaka rangi ya udongo usiniumize macho, herufi akazifanya kubwa, akanifunza alama. Ile iliyo kama dirisha la vyuma, ukiitanguliza mbele ya neno, neno linakuwa kubwa, kichwa cha ukurasa. Nyota mbili huku na mbili huku, neno linanenepa. Na vile vistari vilivyopinda kama nyoka, viwili huku viwili huku, neno linapigwa mstari katikati.

"Hiyo ni ya vitu umemaliza navyo, Mama," akasema.

Hiyo nikaipenda. Siku hiyo hiyo nikawaweka nyoka wanne kwa jina la Katunge, dada ya marehemu mume wangu. Unauliza kwa nini? Katunge alisimama mbele ya watu akasema mtoto wangu wa kwanza alikufa kwa uvivu wangu. Akafa bila kuzaa, na bila kuniomba msamaha.

Mwende akajifungua msichana. Zamu ilikuwa ya Katunge. Nikafungua ukurasa wangu, nikamruka, nikasema mtoto ni Ndanu. Basi Ndanu akaanza kulia. Siku nne analia, titi hataki. Hospitali wakampima, hawakuona kitu.

"Mama, huyu ataniishia mikononi," Mwende akaniambia, midomo imemkauka.

Mimi nilijua ni lile jina nililoliruka. Niamini, nilijua, na sikulirudisha.

Kesho yake nikashuka mtoni kuchota maji. Mto wetu ni mchanga mtupu. Unachimba shimo, unangoja maji yajae polepole. Nikakaa hapo, simu mapajani. Upepo ukasimama. Mchanga ukawa mweupe kama maziwa, na kengele za mbuzi zikasikika kama zinalia chini ya maji. Ng'ambo ya shimo nikaona mwanamke amejifunga leso, miguu ameitumbukiza majini.

"Wifi," akasema. "Kununa hujaacha tu?"

Alikuwa Katunge. Wewe ungekimbia? Mimi miguu ilikuwa mizito, mizito kwa utamu, kama ya mtu anayesinzia.

"Ulinisema vibaya," nikamwambia.

"Nilikusema. Nilikosea." Akanyoosha kidole kuelekea simu. "Sasa toa hao nyoka. Wamenikalia shingoni, na mtoto pia."

Mtu aliyekufa kabla kijiji chetu hakijaona simu, nyoka wangu amewajulia wapi? Nikafuta wa kwanza. Nikafuta wa pili. Vidole vilikwenda kama vinaogelea. Kwa wa tatu nikasita, maana hasira ile nilikuwa nimeishi nayo miaka mingi kuliko niliyoishi na mume. Ndipo nikasikia kilio cha mtoto kutoka nyumbani, kinakatika, kinakatika. Nikafuta wa tatu na wa nne. Mstari ukatoka.

Nilipoinua macho, shimo lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, na hapakuwa na mtu.

Nikapanda nyumbani bila hata kuchota, nikasema mbele ya wote: mtoto ni Katunge. Akashika titi kabla sijakaa chini.

Jioni nikatazama simu. Jina hilo lilikuwa limepanda juu ya mengine yote, kubwa kama kichwa, na ile alama ya dirisha sikuiweka mimi. Mwende hulishusha, asubuhi tunalikuta juu. Tulibadilisha simu, likapanda tena. Tumeliacha.

Wewe unayeandika watu wako ndani ya simu, nisikilize. Aliyekukosea mwambie akiwa hai. Jina lake usiliguse, kwa sababu hujui mstari huo utampitia mtoto gani. Mimi niliapa kinywa changu hakitalitaja tena jina la yule mwanamke. Siku hizi kutoka asubuhi mpaka jua litue ninalo mdomoni: "Katunge, toka juani. Katunge, kuja ule." Naye anakuja akikimbia, ananikumbatia magoti.