Siku Niliyojifanya Mchezaji wa Mkoa

Heri niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana najua pale nje ya geti kwa yule mama wa mboga hii hadithi bado inasimuliwa, na kila ikisimuliwa mimi nazidi kuwa mjinga. Ni kweli nilidanganya esteti nzima, wakubwa kwa wadogo, na ni kweli nilianikwa mchana kweupe, mbele ya hema na maikrofoni. Aibu ninayo. Lakini hasira ninayo pia, tena hasira ndiyo kubwa, kwa hivyo mkisikia napandisha sauti mnivumilie.

Mimi nakaa Ruiru, kwenye zile nyumba zilizopangwa kwa mstari kama meno, ukuta mrefu, waya wa umeme juu ya ukuta, na chini ni matofali ya kabro kutoka getini mpaka mwisho. Mchana niko Thika mjini, nina duka la sare za shule. Nina mtoto mmoja, Shiru, miaka kumi na minne. Siku tulipokuja kuonyeshwa nyumba tulipewa karatasi yenye ramani ya esteti, na kwenye hiyo ramani kuna mahali pamepakwa rangi ya kijani na kuandikwa "uwanja wa watoto". Na huo uwanja upo, sisemi haupo, uko kule nyuma karibu na matangi ya maji, nyasi safi kabisa, ila umezungushiwa seng'enge na kageti kenye kufuli, na ufunguo anao mwenyekiti wa wakaazi, Bwana Gathogo. Ukimuuliza anakuambia nyasi bado zinashika. Mwaka wa tatu huu zinashika.

Sasa likizo ya Aprili ikafika. Watoto wakicheza pale magari yanapoegeshwa, wanaambiwa watavunja vioo. Wakikaa kwenye ngazi, wanapiga kelele. Wakisimama kwenye kona watatu wanne, tayari ni genge. Na wakijifungia ndani na simu, hao hao watu wazima wanatikisa kichwa, ati watoto wa siku hizi ni simu tu. (Mimi huwa najiuliza, walitaka wakae wapi, juu ya paa?)

Basi Jumanne moja niko dukani nampima mtoto wa darasa la kwanza sweta, simu ikalia. Ni grupu la esteti. Bwana Gathogo ametuma picha ya watoto watano wameketi kando ya kabro, na wa katikati ni Shiru wangu, ameshika pakiti ya krispi za viazi. Chini ameandika: "Wazazi, mambo huanza hivi hivi. Leo ni kukaa, kesho ni bangi. Tafadhali chungeni watoto wenu."

Bangi. Mtoto na krispi zake.

Nikaandika kwamba watoto hawana kazi kwa sababu uwanja wao umefungwa, ufunguliwe wacheze. Bwana Gathogo akajibu kwa ile heshima yake ya kukuudhi: "Mama Shiru, uwanja si tatizo. Tatizo ni msimamizi. Nani hapa anajua michezo ili tumwachie jukumu hilo? Wewe unajua?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Au ningeandika tu, "Sijui michezo, lakini nitakaa nao." Lakini mama wa mtoto wa sweta ananiangalia, na mimi nikaandika: "Nimecheza voliboli mpaka kiwango cha mkoa. Nitawafundisha mwenyewe." Nikatuma.

Ukweli ni huu. Shuleni kwetu kulikuwa na timu ya voliboli iliyofika mkoa, na mimi nilienda nayo, hilo si uongo, ila nilienda kama mtu wa kubeba machungwa. Nilikuwa nakata machungwa vipande vinne vinne, naweka kwenye beseni, nawapelekea wachezaji wakipumzika. Mpira wenyewe niliugusa ukitoka nje.

Nikadhani nitafuta ile meseji. Kufungua simu tena, vidole gumba thelathini na kitu vimeshawekwa, wazazi wanamshukuru Mungu, na mmoja ameshauliza watoto wavae viatu gani. Bwana Gathogo akasema sawa, atafungua uwanja Jumamosi tatu, kwa majaribio, na kukitokea lolote hilo jambo litafungwa kabisa. Nikajiambia ni Jumamosi tatu tu, mpira unarushwa huku unarudi kule, kuna ugumu gani?

Usiku kucha nikaangalia video. Jumamosi ya kwanza nikafunga goti bandeji (goti zima kabisa, halina hata alama) nikawaambia watoto lile ni jeraha la zamani la mkoa, kwa hivyo mimi nitafundisha kwa mdomo. Wakaja ishirini na watatu. Na niwaambie, sijawahi kuona watoto wamefurahi vile. Mvulana mmoja ambaye mama yake alikuwa analia kwamba hatoki chumbani alikimbia mpaka akavua shati. Wawili walikuwa wanajua kucheza kutoka shuleni, wakawaonyesha wenzao, mimi kazi yangu ikawa kupiga filimbi na kusema "vizuri, tena". Shiru alikuwa anawaambia wenzake, "Mum alikuwa anapiga mpira mpaka watu wanahama." Nilimsikia, na sikumrekebisha. Hata niliongeza. Waliponiuliza fainali ilikuwaje, nikawasimulia fainali nzima, seti tano, mvua, na mimi ndiye niliyepiga mpira wa mwisho. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi wameniangalia vile mtoto wako haangaliangi tena akishafika hiyo miaka.

Ile ndiyo inaniuma mpaka leo, si maikrofoni.

Jumamosi ya pili ikaenda vizuri. Hapo Shiru akapata wazo la mechi. Binamu yake anakaa Landless, kule Thika, na huko kuna timu ya wasichana na wavulana inafanya mazoezi kila wikendi, kwa hivyo wakaongea kwa simu wao kwa wao, na nilipoambiwa mambo yalikuwa yameshaiva. Nikasema labda tungoje kidogo, hamjafika kiwango. Shiru akasema, "Lakini Mum, si tuko na wewe?"

Na Bwana Gathogo naye akasikia. Nilidhani atakataa. Badala yake akafurahi, na mtu kama yule akifurahi ujue kuna kitu. Akatangaza kwenye grupu kwamba wakaazi wote wanakaribishwa Jumamosi, kutakuwa na hema na viti na juisi ya watoto, "na mchezaji wetu wa zamani wa mkoa atafungua mechi rasmi." Uwanja uliokuwa umefungwa miaka mitatu kabla ya haya majaribio, siku ya kuniangalia mimi ulifunguka geti zima.

Siku ikafika. Timu ya Landless ikaja saa nne asubuhi na kuwekwa getini karibu nusu saa kwenye jua. Soja, yule mlinzi wa geti, alikuwa ameambiwa aandike jina la kila mtoto na namba ya simu ya mzazi, na awakague mifuko. Watoto waliokuja na mpira na chupa za maji. Nilienda kuwatoa nikiwa nimeshaanza kuchemka, na kwa sababu nilikuwa nagombana na soja sikumwangalia vizuri mwalimu wao, nikaona tu ni mama wa rika langu amevaa hijabu na trakisuti, nikamwambia pole mwalimu, ingieni, nikatangulia.

Hema imejaa. Bwana Gathogo ana maikrofoni, na amevaa koti. Akaongea juu ya usalama, akaongea juu ya maji, watoto wamesimama wamepanga mstari wanachomwa na jua, halafu akasema, "Na sasa Mama Shiru, ambaye amecheza kiwango cha mkoa, atatupigia mpira wa kwanza."

Nikashika goti. Nikasema daktari amekataa.

"Mmoja tu," akasema kwa maikrofoni, "hata kwa mguu mmoja. Au namna gani, wazazi?"

Wazazi wakapiga makofi. Shiru akanipa mpira mwenyewe, anatabasamu. Ningefanya nini? Nikaenda nyuma ya mstari, nikaurusha juu kama nilivyoona kwa video, nikafunga macho (msiniulize kwa nini, kwa video hakuna mtu anafunga macho) nikapiga. Mkono ulipita hewani. Mpira ulinishukia kichwani, ukaruka upande, ukaingia kwenye hema, ukatua ndani ya ile ndoo kubwa ya juisi. Mstari wote wa mbele ukaloa rangi ya chungwa, na koti la Bwana Gathogo pia, na hilo silijutii.

Halafu kutoka upande wa wageni nikasikia kicheko nilichokuwa sijakisikia miaka ishirini na kitu, kicheko cha kutoka tumboni.

"Machungwa? Ni wewe Machungwa kweli?"

Ndilo jina walilokuwa wananiita shuleni. Nikageuka, yule mwalimu wa hijabu anakuja mbio amenyoosha mikono, na ndipo nikamtambua. Rukia. Kapteni wetu. Yule aliyepiga ule mpira wa mwisho niliowaambia watoto nilipiga mimi.

Akanikumbatia kwa furaha ya kweli, jamani, Rukia hakuwa na ubaya wowote. Lakini Bwana Gathogo, huku anajipangusa, alikuwa ameshanusa kitu. Akamsogezea maikrofoni. "Mwalimu, kumbe mnajuana. Mlicheza pamoja?"

"Kucheza?" Rukia akacheka. "Huyu alikuwa anatubebea machungwa. Na alikuwa mzuri, usione hivi, alikuwa anayakata mapema anayafunika na kitambaa. Lakini mpira alikuwa anauogopa kama nyoka." Akanigeukia. "Si ni kweli, Machungwa?"

Nikasema ni kweli.

Hema nzima ikaangua kicheko. Watu wazima walishikana mabega. Mimi sikuwaangalia, nilimwangalia Shiru. Hakucheka. Alitoa mpira kwenye juisi, akaupangusa na tisheti yake, akauweka chini katikati ya uwanja na kuenda nyumbani bila kuangalia nyuma. Mechi ilichezwa bila yeye. Tulishindwa seti zote, na sikumbuki hata pointi moja.

Jioni Rukia alinipigia simu karibu kulia, ati hakujua. Nikamwambia kosa si lako, wewe ulisema ukweli, mimi ndiye nilikuwa nimekaa kwenye uongo. Jumatatu Bwana Gathogo akaandika kwenye grupu: kufuatia yaliyotokea, uwanja umefungwa mpaka apatikane mwalimu anayestahili. Chini yake, watu wakacheka na kuweka picha za machungwa.

Hapo sasa ndipo damu ilinipanda. Mimi nimedanganya, sawa, nichekwe mimi. Lakini watoto ishirini na watatu walidanganya nani? Nilienda kwenye mkutano wa wakaazi Jumapili iliyofuata, nikasimama, nikasema mbele ya wote kwamba sikuwahi kucheza mkoa wala wilaya wala popote, nawaomba watoto na wazazi msamaha. Halafu nikasema, sasa hiyo tumemaliza, naomba mtu aniambie kwa nini uwanja wa watoto umefungwa.

Bwana Gathogo akakohoa. "Mama Shiru, kwa heshima, nafikiri wewe ndiye mtu wa mwisho wa kuuliza hapa." Wakacheka, na akaingia kwenye ajenda ya takataka. Hakuna mzazi hata mmoja aliyesema neno, hata wale waliokuwa wanamshukuru Mungu. Hata yule ambaye mtoto wake alikuwa ametoka chumbani.

Siku hizi Jumamosi asubuhi watoto tisa wa esteti yetu wanaenda Landless, na mimi ndiye ninawapeleka kabla sijafungua duka. Rukia ndiye alituita. Uwanja wa huko hauna hata jani moja la nyasi, ni vumbi tupu, wavu umefungwa kwenye mabomba ya maji ya zamani, na mbuzi za watu zinapita katikati mkisubiri. Hakuna mtu alituuliza jina. Watoto wa huko waliwekwa juani getini kwetu kama washukiwa, nasi tulipofika kwao walitupisha tukaanza kucheza. Nyumbani kwetu tunalipa kila mwezi kukata nyasi ambazo hakuna mtoto anazikanyaga, halafu tunasafiri kutafuta vumbi.

Baada ya ile mechi, siku nne Shiru alikula chumbani kwake. Siku ya tano nilikuwa naosha vyombo, akaja akachukua kitambaa akaanza kupangusa sahani, akasema bila kuniangalia, "Mum, si ungesema tu hujui. Hata sisi hatukuwa tunajua. Tungejifunza."

Nilimpa sahani nyingine.

Kwa hivyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: sitaandika tena kitu kwenye grupu nikiwa na hasira, simu itaingia kwenye droo ya duka mpaka moyo utulie, na sitajipa sifa ambayo si yangu hata kama mtu ananidharau kiasi gani. Bandeji nimetupa. Lakini kunyamaza juu ya ule uwanja sijaapa, na mkutano ujao nitakuwa kwenye kiti cha mbele.