Pasi Haichelewi

Wiki iliyopita mke wangu alimaliza kumwogesha binti yetu, akampaka poda, na mimi niliyekuwa nimejikalia zangu sebuleni nikasimama ghafla kama mtu aliyeitwa. Ni harufu tu, jamani. Lakini kwetu Igogo, mtaa wa mawe juu ya ziwa, poda ya watoto haikuwa ya watoto, ilikuwa ya karata. Bibi alizinyunyizia kila Jumapili tukitoka kanisani ili ziteleze, maana zilikuwa kuukuu kuliko mimi, na harufu ile ilijaa nyumba nzima mpaka kwenye wali.

Mchezo wenyewe ulikuwa briji. Msishangae. Babu alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, wahasibu wa Kihindi wakamfundisha, naye akamfundisha mkewe na majirani wawili: Mzee Masanja, fundi mitambo mstaafu, na Mama Getruda, nesi wa Kihaya mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Mnacheza wanne, na anayekaa mkabala nawe ndiye mwenzako. Kwanza mnanadi: mwenye karata nzuri anaita rangi yake, kopa au shupaza, asiye nazo anasema pasi. Neno lingine haliruhusiwi.

Babu alifariki kabla sijazaliwa, lakini kiti chake, mkabala na Bibi, hakikuondolewa. Miaka yote ile walimgawia karata zake, na Mama Getruda akamsemea, "Pasi." Mimi nilipozaliwa nikapewa jina lake, Mabula, ndiyo maana Bibi aliniita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu. Ila Bibi aliponiita hivyo hakuwa akicheka. Nilipofika darasa la tatu akanikalisha kwenye kiti kile.

Alinifundisha vizuri, nisimsingizie. "Mpinzani akitangulia kuita, mume wangu, jiulize: nina rangi ndefu? Ina wakubwa, mfalme na malkia? Basi mwingilie, usimwogope. Kama huna, sema pasi upesi. Babu yako alikuwa akisema, pasi haichelewi." Nilidhani ni adabu ya mezani tu, kama kutoongea na chakula mdomoni.

Siku moja Mzee Masanja alinifuata jikoni nikichota maji ya kunywa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanishika bega. "We Mabula, nisikilize. Bibi yako aliapa makaburini: mumewe akimwita, ataitika na kumfuata. Kinachosubiriwa ni kiti kile kiite rangi. Wewe sema pasi tu, hata ukishika karata gani. Umenielewa?"

Nikamwambia nimeelewa. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote duniani. Wazazi wangu walikuwa Geita wakihangaika na maisha, nami nilikuwa na yeye tu. Nikaanza kukiogopa kiti kile, lakini bahati ilikuwa upande wangu: Jumapili baada ya Jumapili nilishika takataka, nikasema pasi kwa moyo mweupe.

Kisha ikaja Jumapili ya wadudu. Mnaolijua ziwa letu mnawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi. Mchana ule walipanda mpaka kwetu juu ya mawe, wakafunika madirisha, ikabidi tufunge kila mlango na kuwasha taa. Mama Getruda akagawa. Nilipofungua karata zangu niliona weusi mtupu: shupaza juu ya shupaza, na ree iliyo kubwa kuliko zote, na mfalme, na malkia, kana kwamba kuna mtu alizichagua.

"Kopa moja," Mama Getruda akaita. Zamu yangu.

Neno shupaza lilikuwa limeshajaa mdomoni. Nilimtazama Mzee Masanja, akatikisa kichwa kidogo sana. Nilimtazama Bibi. Hakuwa akinitazama mimi. Macho yake yalikuwa juu kidogo ya kichwa changu, pale ambapo uso wa mtu mzima ungekuwepo. Kiti kikalia chini yangu, na haki ya Mungu sikuwa nimejitikisa. Nilisikia wadudu wakijipigapiga kwenye kioo, nikasikia moyo wangu, na bado neno halikutaka kushuka wala kutoka.

"Pasi," nikasema mwishowe.

"Pasi," Mzee Masanja akadakia, haraka mno.

Bibi akatabasamu kama msichana. "Shupaza moja," akasema.

Hakuna aliyekuwa ameitaja rangi hiyo. Wote tukasema pasi. Sasa briji ina sheria yake: aliyeshinda mnada anacheza, na mwenzake analaza karata zake wazi mezani. Nikazilaza. "Yesu wangu," Mama Getruda akanong'ona. Bibi akazigusa moja moja kwa kidole.

"Mabula," akasema taratibu, "nilijua unazo." Sikujua anamwambia nani.

Hakuifikia Jumapili nyingine. Nilimkuta asubuhi amelala ukingoni mwa kitanda, kama mtu aliyesogea kumpisha mwenzake. Nililia mpaka sauti ikakauka. Msibani Mzee Masanja alinikumbatia: "Ulifanya ulichoweza, mwanangu. Ulisema pasi." Maneno hayo yalinilinda miaka mingi.

Ukubwani nikaanza tena kucheza, nyumbani kwa rafiki mmoja Nyakato. Jioni moja nilisita, nikafikiri weee, ndipo nikasema pasi. Mwenzangu akaweka karata zake chini. "Bwana Mabula, huo si uungwana. Ukikaa kimya muda wote huo halafu useme pasi, umeshaniambia kwamba unazo." Wakacheka wote. Mimi nilipigwa na baridi mpaka kwenye mifupa. Kumbe ndiyo maana pasi haichelewi. Bibi aliitwa siku ile, na aliyemwita ni ukimya wangu. Kama ulikuwa wangu peke yangu, hilo sijui.

Binti yetu tumempa jina la Bibi. Wiki ile, alipokwisha kupakwa poda, mke wangu alinikabidhi nimbebe. Nikamwinamia, nikamwita kwa jina lake, naye akatabasamu vizuri kabisa, akitazama juu kidogo ya kichwa changu.