Mvumo Katika Wimbo wa Bi. Zuwena

Naikumbuka vyema siku ile tuliyokwenda kumrekodi Bi. Zuwena nyumbani kwake mtaani Malindi, mwanangu, na naikumbuka kwa furaha niliyokuwa nayo, ambayo haikuwa furaha njema. Juzi uliniuliza kwa nini nusu ya kwanza ya wimbo wake ina mvumo na nusu ya pili ni safi, nikajitia hamnazo. Leo kaa nikueleze.

Bi. Zuwena alikuwa mwimbaji wa zamani wa klabu yetu ya taarab. Alikuwa na wimbo mmoja aliofunzwa na mama yake, na hapakuwa na mwingine aliyeujua wote. Pumu ilikuwa inammaliza pumzi mwaka hadi mwaka, klabu ikaona wimbo urekodiwe kabla hajashindwa kabisa.

Miaka ile ya elfu mbili na kidogo, laptopu zilikuwa za kuhesabika mjini. Nassor, mpiga fidla mwenzangu, aliletewa yake na kaka yake kutoka Dubai. Ilikuwa nene na nzito, ina kibandiko kilichotaja mwendo wa prosesa, ule ubongo wa mashine, na Nassor alikisoma kile kibandiko kwa sauti kila alipoifungua. Watu wakamzunguka, mabinti wa klabu wakamwita mtaalamu. Mimi mpiga udi, niliyeingia klabuni kabla yake, nikawa mtu wa kutumwa chai. Nilimuonea kijicho, mwanangu, kijicho cha kuninyima usingizi, na sikufichi kwamba hata sasa nikimtaja kuna kitu kinanitambaa kifuani.

Na laptopu hata mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa karani katika hoteli moja Kiwengwa, na meneja aliporudi kwao aliniachia yake, nyembamba, nyepesi. Namba ya prosesa yake ilikuwa ndogo sana mbele ya ile ya Nassor, kwa hiyo mwanzo niliiona makombo. Kumbe watengenezaji walishaanza kuchoka kukimbizana na mwendo. Prosesa za kabla yake zilivyozidi kwenda mbio ndivyo zilivyozidi kula umeme na kutoa joto, na joto likataka feni kubwa. Hizi mpya zilibuniwa zifanye kazi nyingi kwa umeme mdogo, na zisipokuwa na kazi zinapunguza mwendo zenyewe, kama mtu anayeteremsha utambi wa taa akimaliza kusoma. Umeme ulipokatika Kiwengwa, wenzangu walikaa wakijipepea wakisubiri jenereta. Mimi niliendelea kuandika mpaka alasiri, laptopu mapajani, haiunguzi wala hailii.

Katika kikao cha klabu nikataka kusema. "Hata mimi nnayo laptopu," nikaanza.

"Yako inakwenda ngapi?" akauliza Nassor.

Nikaitaja namba. Akacheka yeye, wakacheka na wengine, mmoja akasema hiyo ya kuandikia barua za mapenzi. Nikafunga mdomo. Moyoni nikasema, haya, tutaonana.

Siku yenyewe nilitoka kazini moja kwa moja, mkoba mkononi na udi kwapani.

"Shikamoo, Bi. Zuwena."

"Marahaba, Hamadi. Mkoba wote huo una nini?"

"Laptopu yangu, Bibi. Nnatoka kazini."

"Iweke pale pembeni isije ikakanyagwa."

Tulifunga madirisha kwa sababu ya vespa na watoto wa uchochoroni, tukazima na feni ya mezani isiingie katika sauti. Chumba kikawa tanuri. Nassor akaiweka laptopu yake mezani, na maikrofoni, kwa vile waya wake ulikuwa mfupi, ikakaa karibu nayo. Bi. Zuwena akaanza, nikamfuata kwa udi. Sauti ilishakuwa nyembamba, lakini haikupotea njia hata pahala pamoja.

Haukupita muda, feni ya laptopu ya Nassor ikaanza kuvuma. Joto la chumba likazidi, nayo ikazidi kuvuma. Nassor ameganda anatazama mistari inayopanda na kushuka kwenye skrini, hasikii. Mimi nilisikia tangu mwanzo. Ningeacha kupiga udi tu, tungesimama tukabadilisha. Sikuacha. Nilikuwa nafurahi, mwanangu. Nilikuwa naiona siku klabu nzima itakapokaa kusikiliza, na Nassor hana pa kuuficha uso wake.

Mara umeme ukakatika. Betri ya Nassor haikustahimili. Aliwahi kuhifadhi alichokwisha kurekodi, skrini ikawa nyeusi, na Bi. Zuwena yuko nusu ya wimbo. Nassor akashika kichwa. Mimi nikainama, nikidhani nimeinama vya kutosha.

"Hamadi."

"Naam, Bibi."

"Unacheka nini?"

Nikajitia kukaza nyuzi za udi.

"Hiyo ya mkobani mwako inafanya kazi bila ya umeme?"

"Inafanya."

"Inavuma kama hii?"

"Haivumi, Bibi."

Alinitazama. "Haya, itoe."

Nikaitoa, nikachomeka maikrofoni nikaanza kurekodi. Hapo ndipo aliposema, taratibu, bila ya kugomba: "Mashine ya Nassor inavuma, mwenyewe hajui. Wewe umejua, umeninyamazia. Basi wimbo wa mama yangu kaniharibia nani?"

Akakohoa, akavuta pumzi, akaendelea pale alipoachia. Kuanza upya hakuweza. Alisema mwanzo atauimba siku nyingine, inshaallah. Siku hiyo haikuja. Ramadhani ilipoandama, tulishamzika.

Nusu zote mbili tuliziunga, na maneno yale yamo katikati. Vijana huyasikia wakacheka, wakidhani bibi anagombana na mashine. Wenzangu wameniambia mara nyingi niyakate, sikuyakata. Baada ya swali lake pana kimya, yeye anangojea nimjibu na mimi sijibu. Laptopu yangu, kwa ule utulivu wake, ilikirekodi kimya changu barabara.

Nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Kijicho kitakuja tu, hakibishi hodi. Kikija, kisikufunge mdomo penye kazi ya watu. Ulichonacho kitoe, hata wakikicheka udogo wake. Na ukimuona mwenzako anakosea, mwambie pale pale, umpende usimpende, maana utakayemkomoa huenda asiwe yeye.

Mungu akufungulie riziki yako, akupe moyo wa kusema hongera na ukaimaanisha, na asikuache unyamaze pale unapotakiwa useme. Ukiupiga tena wimbo ule, usiyaruke maneno ya katikati. Yasikilize mpaka mwisho, kisha umrehemu Bi. Zuwena.