Ubao wa Waliomo Mgodini

Baba mdogo hakuwahi kushuka mgodini hata siku moja. Enzi hizo alikuwa stoo akigawa sabuni, na vumbi la mawe alilijua kwenye nguo za wenzake tu. Siku hizi mgodi umefungwa, serikali imeufanya hifadhi ya kihistoria, naye kapewa funguo na kofia ngumu. Kofia yenyewe haivui hata mezani. Ukimsikia anavyowahadithia wageni wanaopanda huku milimani, utadhani mlima mzima kauchimba yeye kwa kucha. "Sisi wachimbaji," huanza. Sisi na nani? Mtu mwenyewe haingii chumba chenye giza bila kukohoa kwanza.

Uongo wake nilishauzoea. Lakini safari hii aligusa ubao.

Ubao uko chumba cha zamu, hapo mgodi unapoanzia. Kila mchimbaji alikuwa na kipande chake cha shaba. Akiingia, anakitundika msumarini, akitoka, anakichukua. Kipande kikibaki, mwenyewe bado yumo chini. Miaka yote hii kilibaki kimoja tu, msumari wa mwisho karibu na dirisha. Ni cha baba yangu. Mwamba ulimwangukia, hawakumtoa. Mama hana kaburi la kwenda, kwa hiyo hupanda huku akakishika hicho.

Juzi mimi na mama tulipofika tulikuta ubao umejaa, unang'aa. Baba mdogo kafukua stoo vipande vya zamani vilivyorudishwa mgodi ulipofungwa, kavisugua, kajaza kila msumari.

"Umependeza, eti shemeji?" alisema, kifua mbele. "Wageni wanapiga picha mpaka basi."

Nilimdharau siku hiyo kuliko siku zote. Wanaume waliorudi kwao salama kawafukia mgodini, kaka yake kamchanganya humo humo kama pambo, halafu anasubiri asifiwe.

Mama alianza kuvitundua kimoja kimoja, akivitia kwenye sanduku.

"Huyu alitoka," alisema. "Huyu naye alitoka."

"Shemeji, hii ni hifadhi, hairuhusiwi kugusa." Anasema hivyo mikono kaificha nyuma. Anaogopa hata mwanamke mzee.

Mama alimaliza. Kilibaki kile cha dirishani, akakipitisha kidole gumba taratibu.

"Sasa wageni nitawaonyesha nini?" baba mdogo alilalamika. "Ubao mtupu?"

"Si mtupu," mama alisema. "Kaka yako yumo."