Siku Riziki Alipopanda Gari Lisilo Lake

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo mikono huniganda juu ya cherehani. Hebu kaa, gauni lako nitalimaliza. Jana nilikuona mlangoni pa kanisa ukiikunja barua ya shule na kuisokomeza ndani ya Biblia, nikajua ni barua gani. Mimi pia niliwahi kupewa.

Nilikuwa kijana kama wewe, nimetoka Bukavu, nina karatasi ya hifadhi ya ukimbizi ya kwenda kuongezewa muda kila baada ya miezi michache. Tulikaa Turffontein, hapa hapa Johannesburg, chumba kimoja, cherehani dirishani. Binti yangu Riziki alikuwa na miaka minane, na herufi zilikataa kabisa kukaa kichwani mwake. Mwalimu wake, mama wa Kizulu mpole, akaniandikia kwamba mtoto apimwe na mtaalamu, huenda akahitaji darasa maalumu. Fomu ilitaka sahihi yangu na namba ya karatasi yangu.

Niliogopa, mwanangu. Niliogopa serikali, nikadhani namba ile ikifika ofisini watakuja kututoa. Niliogopa wamama wa kanisa, maana ndimi zao nazo zinajua kushona. Kuliko yote niliogopa kuambiwa mtoto wangu ana kasoro. Basi nikafanya ujanja. Kila jioni nilimsomea kitabu chake cha shule, ukurasa kwa ukurasa, hadi akakikariri chote na kujua wapi pa kufunua. Nikampa na onyo: "Usimwambie mtu yeyote kwamba hujui kusoma. Mtu yeyote!" Kisha nikaenda naye kwa mwalimu. Akasoma kama kasuku. Mwalimu alinitazama muda mrefu, akairudisha fomu kwenye droo. Nikarudi nyumbani najiona mjanja, kumbe mjinga wa shule ile nilikuwa mimi.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Niliusikia msemo huo tangu utotoni, nikadhani wanawasema wengine.

Ikafika Jumatano moja. Gari lililombeba Riziki kila siku liliharibika, na shule ikawagawa watoto kwenye magari mengine matatu. Kila gari lilibandikwa karatasi kiooni yenye jina la mtaa. Watoto wakaambiwa wasome, wapande. Wangu akafuata mgongo wa mtoto mwingine.

Saa tisa nilikuwa getini kwetu. Saa tisa na nusu, hakuna mtu. Unayajua mawingu ya Johannesburg, mchana mweupe unageuka mweusi mara moja. Radi ikapiga, mvua ya mawe ikaanza. Nikampigia dereva wetu, Mtanzania mmoja.

"Eish, mama, gari yangu imekufa toka asubuhi. Watoto wamepanda zingine. Kwani hajafika?"

Hilo "kwani hajafika" lilinikata maini. Nikakimbia barabarani, ndala moja ikabaki nyuma, robot, zile taa za barabarani, zimezimika, magari yanapiga honi kila upande. Kila mtoto mwenye sare ya buluu nilimwita Riziki. Habari zote za watoto waliopotea nilizowahi kuzisikia katika jiji hili zilinirudia kwa pamoja. Nilimwahidi Mungu hata vitu nisivyokuwa navyo.

Saa kumi na moja simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee nisiyemjua: "Mama Riziki? Mutoto wako iko huku Rosettenville. Iko muzima."

Alikuwa Papa Ilunga, mtu wa Lubumbashi, mlinzi wa duka la vipuri. Alimkuta mtoto kando ya barabara, pale gari lilipomshusha na wenzake, amelowa chepechepe. Watoto wetu wa huku hushinda wakisema Kiingereza na Kizulu, lakini wakilia wanalia kwa Kiswahili, na Papa alisikia "Mama yangu wee!" Akafungua begi, akaona namba yangu kwenye jalada la daftari. Aliniambia kwamba kabla yake watu watatu walishamuuliza mtoto kama amepotea. Kila mmoja alijibiwa hapana, anamsubiri mama.

Nilipomkumbatia meno yalikuwa yakimgongana. Akaninong'oneza sikioni, "Mama, sikumwambia mtu."

Alikuwa akingoja nimsifu.

Papa Ilunga alisikia, akauliza maana yake, nami nikamweleza huku nikitazama chini. "Mama, minakuambia kama binti yangu," akasema. "Weye unaogopa batu batajua. Mutoto anaogopa weye. Sasa ni nani atamusaidia?"

Kesho yake nilirudi kwa mwalimu, nikasema ukweli wote, nikatia sahihi. Hakuna aliyekuja kututoa. Lakini nisikudanganye: foleni ya kupimwa ilikuwa karibu mwaka mzima, na kila bahasha iliyokuja niliifungua roho ikiwa mkononi. Hofu haikuisha. Ila sasa Riziki hakuibeba peke yake. Leo ni mwanamke mzima, anasoma polepole, kidole chini ya mstari, na akikwama anauliza, hata benki mbele ya watu.

Basi mwanangu, itoe barua hiyo kwenye Biblia. Uliza mtoto atapimwa na nani, atapelekwa wapi, fomu ni ya nini. Usitie sahihi kitu usichokielewa, lakini pia usikifiche. Na usimcheke mwanao kwa herufi mbili tatu, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ukiogopa kwenda peke yako, Jumatatu nitaifunika cherehani twende wote. Mimi mwenyewe naziogopa ofisi hadi leo, tutaogopa pamoja.

Mungu amkuze mwanao na ampe mwalimu mwenye subira. Na siku atakapokwama aseme "sijui", Mungu ajalie uwe wewe, mama yake, wa kwanza kuambiwa.